Pilau Kabla ya Mpira

Mie raga siipendi. Bora niliseme mapema, maana watu wakinisikia naieleza klabu ile hudhani nimelelewa nayo. Siipendi hata chembe. Wanaume wazima wanakabana shingo kwenye tope, baridi ya kukata masikio, kisha wanapeana mikono na kushukuriana. Klabu ile ndiyo iliyomvunja mwanangu shingo. Na ni mimi, mwanamke wa Kiunguja niliyeletwa nchi hii na wazazi wangu baada ya mapinduzi, niliyehangaika ili isife.

Kijiji chenyewe kiko nyuma ya Hayes, na ukisikia kijiji usifikirie mashamba. London imeshakimeza. Upande wa pili uwanja wa ndege umekibana, na ndege zinapita chini mpaka unaona matairi. Kilichobaki ni kanisa, baa moja, safu mbili tatu za nyumba, na wakati huo kiwanja cha raga. Lakini wenyewe wanasema kijiji, na ukisema mtaa wananuna.

Habari za klabu nilizipata kwa mzee mmoja, Mwingereza mrefu, aliyekuwa mwenyekiti, katibu, mpiga chokaa ya mistari ya kiwanja na mshika funguo, yote yeye. Alizisimulia kila Jumamosi kana kwamba ndiyo kwanza anazisimulia. Klabu waliianzisha wachoma matofali, enzi kijiji kina matanuri na miti ya matunda na hakuna aliyeota kuwa ndege itatua jirani. Walicheza kwenye malisho, na kabla ya kuanza walizoa kwanza mavi ya ng'ombe. Nguo walibadilishia kwenye banda la farasi. Baadaye wakajijengea nyumba kwa yale matofali yaliyopinda, yasiyouzika, ndiyo maana ukuta wake haukuwahi kuwa wima. Ndani wakaweka bafu moja kubwa la saruji, wakiingia wote kwa pamoja mpaka maji yanageuka uji. Vita vikaja vikachukua vijana wengi, wakachongwa majina kwenye ubao juu ya mlango. Waliorudi waliendelea kucheza, na mmoja wao alicheza na jicho moja. Mzee akifika kwa huyo wa jicho moja alikuwa anavua kofia.

Mila yao moja niliielewa siku ya kwanza. Timu mwenyeji huwalisha wageni. Mmepigana, mmetoana damu, lakini mgeni haondoki na njaa. Hapo nikasema, aa, hawa kumbe ni watu. Ila kwao chakula huliwa baada ya mchezo. Lishike hilo.

Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye wa kwanza wetu kuingia mle. Alikuwa akipakia mizigo Hithro, kwenye ule uwanja wa ndege, na siku moja timu ilipopungukiwa, wenzake wa zamu wakamkokota. Alirudi amechafuka mpaka nyusi. "Mpira wenyewe kama umekaliwa," akaniambia, "hujui utarukia wapi." Lakini mbio alikuwa nazo. Alicheza pembeni miaka mingi, na picha zake zilikuwa ukutani: wenzake wote mapaja nje, yeye ndani ya kaptura kavaa suruali ndefu nyeusi, maana mapaja ya mwanamume wa Kiislamu hayaanikwi. Kwenye bafu lao hakuingia hata siku moja. Mwanzoni walimcheka, kisha wakazoea, na bia zilipokuwa zikizunguka, mzee wa klabu alimletea yeye kikombe cha chai.

Mwanangu alimfuata baba yake, ila mbio hakujaliwa. Alijaliwa kifua na shingo nene. Wakamweka mstari wa mbele, kwenye wale wanaobeba uzito wote pale timu mbili zinapoinama, zinashikana na kusukumana kwa mabega. Wenyewe wanaita skramu. Alivaa jezi namba moja, na nyumbani alikuwa akiikunja mwenyewe, hataki niiguse. Jumamosi moja skramu ikaporomoka. Wenzake wakainuka, yeye hakuinuka. Baba yake alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wallahi nilishukuru kwamba hakuyaona yale. Tangu hapo mwanangu ni kichwa kinachogeuka na vidole viwili vya mkono wa kulia, basi.

Mzee wa klabu nilimtukana kwenye korido ya hospitali, kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu hakina matusi ya kutosha. Alisimama akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kesho yake akaja tena, na kesho yake tena, kofia mkononi. Tuliporudi nyumbani, wanaume wa timu walikuja wakatutengenezea mteremko wa saruji mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite, mvua inawanyeshea. Niliwapelekea chai bila kuwasemesha.

Lakini mwanangu aligeukia ukuta. Wanakuja wahudumu, wanamwosha, wanambadilisha, yeye kimya. Muuguzi akaniita jikoni akanieleza bila kuzunguka: mtu wa hali hii akilala tu, kifua kinajaa, ngozi inaoza, hafiki mbali. Lazima ainuliwe akae, na kumwinua kwa nguvu hairuhusiwi, lazima atake mwenyewe. Basi nilimbembeleza. Nilimlilia. Nilimgombeza mpaka majirani wakagonga ukuta. "Niache, mama," ndiyo jibu lake, na hilo kwa Kiingereza, maana watoto wetu waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia chote lakini hawakijibu.

Kisha Jumamosi moja asubuhi nikamsikia kutoka chumbani: "Niinue."

Niliacha sufuria motoni nikakimbia. Timu ilikuwa inacheza mchana ule, naye alitaka kwenda. Nikamfunga mikanda ya ile winchi ya kuinulia wagonjwa, nikamnyanyua, nikamvika koti la baba yake, nikamsukuma mpaka kiwanjani. Alirudi mashavu yamewiva kwa baridi, akala, akanieleza nani kacheza ovyo na nani mvivu. Jumapili akageukia ukuta. Nikajua yamekwisha. Lakini Jumamosi iliyofuata akasema tena: "Niinue." Ikawa ndiyo hivyo, wiki nzima maiti, Jumamosi mtu.

Sasa umeelewa? Nilianza kufua jezi zao, kwa sababu nilifanya kazi ya udobi hospitali mpaka nikastaafu na hakuna wa kunifundisha kutoa damu kwenye kitambaa. Nikaanza kuwapikia wageni wao. Watu wakanisifu, ati mama ana moyo. Moyo gani! Nilikuwa nailinda Jumamosi.

Na Jumamosi ikaanza kuponyoka. Vijana wa kijiji walihama kwa sababu nyumba hazishikiki kwa bei, na waliobaki wanafanya shifti kwenye maghala ya Hayes, na shifti haijui Jumamosi. Ikafika timu haitimii. Siku moja mzee wa klabu alikuja kwenye dirisha la jikoni, akawa anaongea na bomba la maji badala ya kuongea na mimi. Mara mbili tumeshindwa kuleta timu, akasema. Ya tatu ligi inatufuta. Na mwenye ardhi alishawaambia kitambo: siku mkitoka ligini, kiwanja changu, najenga ghala. Mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo na wachezaji alionao hawafiki nusu.

Alipomaliza akaondoka, mikono mfukoni. Mwanangu nilimficha, lakini aliniangalia nikiingia na sahani yake akaelewa. Siku ile hakula.

Nilikwenda Kingsbury kununua mchele na bizari, kwenye duka la Mhindi mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye anapenda kuzungumza Kiswahili kuliko anavyopenda kuuza. Nikammwagia yote pale pale, machozi yananitoka mbele ya magunia ya dengu. Akaniletea kiti. "Bibi we," akaniambia, "unatafuta wacheza raga na Wakenya wamejaa London? Wale wenzetu raga wanaijua tangu shule. Nenda kanisani kwao Hayes Jumapili, wakitoka uwadake."

Lo! Mie, na buibui langu, nikasimame mlangoni pa kanisa! Nikajikaza kisabuni nikaenda. Nilisimama kwenye ngazi, upepo unanipeperusha, nyimbo zinarindima ndani. Walipotoka, dada mmoja mwenye kofia kubwa akanisogelea kwa huruma. "Mama, umepotea?"

"Nimepotea, mwanangu," nikamwambia. "Natafuta wanaume wanaojua raga."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikalia, pale pale, sikuweza kujizuia, na kicheko kikakatika. Akatokea kijana mmoja mpana, kajaza mlango wote. Akainama ili anisikie. Nikamweleza habari ya mwanangu, ukuta na Jumamosi. Nilipofika kwenye skramu alishusha pumzi.

"Mama, mimi nilichezea shule yetu," akasema. "Mstari wa mbele. Namba moja."

Nilimshika mkono nisimwachie. Akageuka akaita wenzake kwa majina, huyu alikuwa akicheza pembeni, yule nyuma, yule mwingine hajui kitu lakini ni mzito. "Tunafanya shifti ya usiku pale warehouse, mama. Jumamosi tukitoka kazini tunapumzika kidogo kwenye basi, tunakuja moja kwa moja. Usijali."

Wiki ile mwanangu aliulizia habari zao kila siku. Wanatoka wapi? Wana uzito gani? Nani atavaa namba moja? Alhamisi, siku isiyo yake, aliomba ainuliwe akaangalie mechi kwenye televisheni. Nilisali rakaa mbili za shukrani jikoni.

Jumamosi yenyewe nilipika tangu alfajiri. Pilau ya nyama ya mbuzi, kachumbari, mbatata za urojo pembeni, na maji ya ukwaju. Sufuria mbili kubwa nilizoazima msikitini. Kilikuwa chakula cha baada ya mchezo, kama mila yao. Mzee wa klabu alinibebea mwenyewe hadi chumba cha kulia, pua juu, anacheka.

Wakaja. Niliwaona wakishuka kwenye basi dogo wamesinyaa, macho mekundu, mmoja anaramba makombo ya chipsi kwenye karatasi. Walikuwa wamebeba maboksi usiku kucha, na tangu jana wengine hawajatia kitu tumboni. Walinisalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama. Harufu ya pilau ikawapiga nikaona wanavyomeza mate.

Sasa niambie wewe. Watu nimewaita mimi. Wamekuja kwangu na njaa, kwa ajili ya mwanangu, chakula kipo, cha moto, kimefunikwa. Niwaambie subirini? Nitawatazama kwa uso gani?

"Baada ya mchezo," mzee wa klabu akanikumbusha kwa upole.

"Hawa ni wageni wangu," nikamjibu, na nikafunua sufuria.

Yule kijana mpana alijua madhara ya kucheza umeshiba. Alisema, "Mama, tungecheza kwanza, si tutakula tu." Nikamwambia, kula mwanangu, kidogo tu. Na kidogo chetu unakijua kilivyo. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, kakuta nimesimama na upawa na machozi karibu. Hawezi mtoto wa mtu kumkatalia mama wa makamo yangu. Akala. Wenzake wakaona amekula, wakala. Sahani ikionekana chini naongeza, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kusema basi. Mmoja alishakaza kaptura akailegeza. Mwanangu alikuwa kwenye kiti chake pembezoni, anaangalia. "Mama," akaniita, "wanaingia uwanjani sasa hivi." Nikamwambia mtu hachezi na tumbo tupu.

Yarabi, walianza vizuri! Walikimbia, wakafunga, wakafunga tena. Skramu ya kwanza ilisimama kama ukuta, na wale Waingereza wa timu nyingine wakarudishwa nyuma, viatu vinachora ardhi. Mwanangu alipiga kelele. Sijamsikia kupiga kelele tangu avunjike. "Mshike! Mshike, shuka chini, sukuma!" Shingo imemtoka mishipa. Mzee wa klabu alikuwa akizunguka na kopo lake la chokaa bila kuchora kitu.

Kisha pilau ikajibu. Wa kwanza alisimama katikati ya mbio, akashika magoti. Wa pili akatoka nje ya mstari, akajificha nyuma ya mti. Wa tatu alikwenda chini na tumbo lake, na nilidhani amepigwa, kumbe hakuguswa na mtu. Refa akawa anahesabu kwa kidole. Kuna idadi, ukipungua chini yake mechi haipo, na ligi inahesabu kwamba hukuleta timu. Timu ya wageni, watu wa heshima, wakasema watatuazima wachezaji wao, kama walivyozoea kufanyiana wakicheza za kirafiki. Refa akatikisa kichwa. Hii ni ya ligi.

Yule kijana mpana alikataa kutoka. Uso umekuwa wa kijivu, lakini aliingia kwenye skramu nyingine, akashikilia mpaka ikaisha salama. Alipoinuka alitembea hatua chache, akapiga magoti juu ya mstari mweupe wa mzee wa klabu, akatapika pilau yangu yote. Akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Refa akapuliza kipenga.

Wale wageni wakajipanga safu mbili wakawapigia makofi wachezaji wetu wakitoka, kama ilivyo desturi yao. Walipiga makofi mpaka wa mwisho alipopita amekumbatia tumbo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha wakaingia wakala pilau iliyobaki na kuisifia, na mmoja akaniuliza naweka nini ndani.

Klabu ikafutwa. Mzee aliniletea picha ya mume wangu na furushi la jezi, akasema yeye hana mahali pa kuziweka. Uzio wa chuma ukazunguka kiwanja, matingatinga yakaanza na ile nyumba ya matofali yaliyopinda. Nilikuwa nayasikia nikiwa jikoni.

Jumamosi ya kwanza nilisimama nje ya chumba cha mwanangu, mkono kwenye kitasa, nikingoja. Hakusema kitu. Nikasema labda amechoka. Jumamosi ya pili nikasimama tena. Muuguzi alikuja akamsikiliza kifua, akavua vyombo vyake masikioni polepole, na hakuniita jikoni safari hii, alinigusa bega tu. Nilijua. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikashika tama, nikamwambia Mungu nichukue mie, mie nimeshakula chumvi nyingi, huyu kijana anafia nini? Mikono nayo haikutulia. Nikazitoa jezi zote nikazifua tena, safi kama zilivyo, nikazianika uani chini ya ndege. Hapo nikaona namba moja haimo. Yule kijana kwa aibu yake aliondoka nayo mwilini.

Jumamosi ya tatu kengele ikalia. Kupitia kioo cha mlango niliona mwili umeziba mwanga wote. Nikafungua. Kasimama kwenye mteremko wa saruji, mfuko wa plastiki mikononi, ndani yake jezi imepigwa pasi.

"Shikamoo mama. Nimeleta jezi," akasema, macho chini. "Sikuwa na uso wa kuja mapema."

Nilitaka kusema karibu. Maisha yangu yote neno hilo halijanishinda, siku ile lilinikwama. Nimkaribishe kwenye nini?

"Nani?" sauti ikatoka chumbani, nyembamba.

"Yule namba moja," nikamjibu mwanangu.

Ndege ikapita. Kijana akanyoosha mkono kunipa mfuko ili ajiondokee zake.

"Mama." Na alisema kwa Kiswahili, mwanangu, sijui alikuwa amekificha wapi siku zote. "Niinue. Mgeni asinikute nimelala."

Niliingia mbio. Nikavuta winchi, nikashika mikanda, lakini ndoano hazishikani, moja inaingia nyingine inatoka. Nikajaribu tena. Machozi yalinijaa sioni kitu. Mwanangu alinitazama nikihangaika, kisha akafumba macho akasema, "Mwite basi."

Kijana akavua viatu mlangoni akaingia. Hakuuliza. Aliinama kando ya kitanda, akapitisha mkono mmoja chini ya kwapa la mwanangu na mwingine kiunoni, bega kwa bega, namna wanavyoshikana wao kwenye skramu, akaniambia mimi nishike miguu. Tukamwinua. Alipokaa sawasawa kwenye kiti, na kichwa kimesimama, alipumua kwanza kwa muda. Kisha akamtazama mgeni wake akamuuliza, "Umekula?"